Mandvi: Maji Machache Yaliyoua Forodha na Kuyaokoa Majahazi

Kwa Kikachi na Kigujarati, neno mandvi lina maana ya mahali pa kutozea ushuru wa bidhaa. Mtu wa Unguja akielezwa hivyo hahitaji kuongezewa neno, kwa sababu naye anapo mahali pake panapoitwa hivyohivyo: Forodhani. Mji wa Mandvi uko kusini mwa Kachchh, katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, pale ambapo mto Rukmavati unaingia baharini karibu na mlango wa Ghuba ya Kachchh. Uliasisiwa karibu mwaka 1580 na Rao Khengarji wa Kwanza, mtawala wa ukoo wa Jadeja (Rao ni cheo cha watawala wa Kachchh), aliyehitaji bandari ya kuipatia dola yake mapato ambayo ardhi kavu ya Kachchh isingeweza kuyatoa.

Leo Mandvi haitozi ushuru wa kutajika. Shehena ya eneo hilo inashushwa Mundra, upande wa mashariki, na Kandla, ndani zaidi ya ghuba. Lakini kwenye kingo za Rukmavati, ndani ya mji wenyewe, majahazi makubwa ya mbao yangali yanaundwa juu ya mchanga: mengine yakiwa mkuku na mataruma tu, yaani uti na mbavu, mengine yamekwisha kutiwa kalafati ya kuziba nyufa za mbao na yanangoja bamvua, maji makubwa ya mwezi, ili yashuliwe. Hiki ndicho kisa ninachotaka kukichambua. Ilikuwaje bandari ikafa, na uundaji wa vyombo, ambao mtu angetarajia ufe pamoja nayo, ukaishi zaidi ya karne moja baada yake?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba meli za moshi zilikuja, matanga yakashindwa na mji ukalala. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi, kwa sababu linaeleza kifo cha bandari na kukiacha kando kile kilichobaki. Linatufanya pia tuamini kwamba mji ulishindwa na mashine, wakati kumbukumbu za biashara zinaonyesha kwamba fedha za mji zilikuwa zimeanza kuhama kabla meli ya kwanza ya barua haijafika Unguja.

Nchi iliyotegemea bahari

Kaskazini mwa Kachchh kuna Rann, uwanda mpana wa chumvi ambao hufurika wakati wa mvua na kukauka ukawa mweupe kiangazi kinapoingia. Kwa karne nyingi uwanda huo uliifanya Kachchh iwe kama kisiwa, kwa kuwa safari ya nchi kavu kwenda Sindh au Gujarat ya ndani ilikuwa ngumu kuliko safari ya majini. Mvua ni haba na haina miadi, na mito hutiririka kwa majira tu. Mkulima hakuwa na uhakika wa mavuno na mfugaji alilazimika kuhamahama, ila mwenye chombo alikuwa na upepo uliokuja kwa wakati wake kila mwaka.

Ndiyo maana ubaharia wa Kachchh ni wa zamani kuliko Mandvi yenyewe. Bhadreshwar, bandari jirani iliyotangulia, ina jengo la Waislamu lenye tarehe ya mwaka 554 wa Hijria, yaani 1159 au 1160, katika nchi ambayo watawala wake walikuwa Wahindu na matajiri wake wengi walikuwa Wajaini. Mandvi ilirithi mazoea hayo ya watu wa dini mbalimbali kutegemeana katika chombo kimoja. Wabhatia wa Kihindu, Wajaini, na Wakhoja na Wabohora wa Kiislamu walikuwa wenye mali. Wakharva wa Kihindu na Wabhadala wa Kiislamu walikuwa manahodha, mabaharia na waunda vyombo. Mali ya Mhindu ilisafiri chini ya nahodha Mwislamu, na jambo hilo halikuhitaji kutolewa maelezo na yeyote.

Katika karne ya 18 wafanyabiashara wa Mandvi inasemekana walimiliki vyombo vipatavyo 400, vilivyokwenda Malabar, Ghuba ya Uajemi, Arabuni na Afrika Mashariki. Rao Godji alijenga kasri mjini humo na kuutilia nguvu uundaji wa vyombo. Katika karne hiyohiyo anatajwa Ram Singh Malam, mtu wa Kachchh aliyefika Uholanzi, akajifunza huko kazi za vioo, vigae na saa, kisha akarudi na kumjengea Rao Lakhpatji kasri la Aina Mahal mjini Bhuj, makao makuu ya Kachchh. Jina lake la mwisho linastahili kutazamwa na msomaji wa Kiswahili. Malam, kwa watu wa Kachchh, ni rubani wa jahazi, yule anayejua nyota na mikondo. Asili yake ni neno la Kiarabu mu'allim, ambalo sisi tumelipeleka darasani na kulifanya mwalimu. Neno moja lilisafiri katika bahari moja, kwao likabaki kwenye usukani na kwetu likapanda pwani.

Hapa inafaa kugusia kidogo hadithi ya Kanji Malam, anayesemekana kuwa ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Calicut mwaka 1498, na ambaye Mandvi hujivunia kuwa mwana wake. Habari za Wareno zinamtaja rubani wa Kigujarati, na hilo ni jambo zito. Lakini mji wenyewe uliasisiwa karibu miaka 80 baada ya safari hiyo, kwa hiyo ni vigumu kumfanya mtu huyo mzaliwa wake kwa uhakika. Mandvi ina historia ya kutosha bila kukopa hii.

Forodha mbili, mkono mmoja

Uhusiano wa Mandvi na Unguja ulifuata pepo ambazo watu wa pwani yetu wanazijua kwa majina. Vyombo viliondoka Kachchh baada ya sikukuu ya Diwali, kaskazi ilipoanza kushika, vikafanya biashara Unguja katika miezi ya kaskazi, kisha vikaondoka na mwanzo wa kusi kabla haijawa kali. Vilivyochelewa vilingoja kusi ipungue. Mwezi wa Juni na Julai bahari ya Kachchh ilifungwa, vyombo vikapandishwa pwani na mabaharia wakawa majumbani, na ni katika majira hayo ndipo Wakachi husherehekea mwaka wao mpya, Ashadhi Bij. Anayeujua Mwaka Kogwa wa Makunduchi, unaoadhimishwa Julai, hatastaajabu kwamba pande mbili za bahari moja zimeuweka mwanzo wa mwaka karibu na wakati uleule, safari moja ikiwa imekwisha na nyingine haijaanza.

Shehena ya kwenda ilikuwa hasa nguo. Kaniki, nguo ya pamba iliyotiwa nili hadi ikawa karibu nyeusi, na ambayo bibi zetu waliivaa shambani na katika ngoma za uganga, ilitoka kwa watia rangi wa Kachchh na sehemu nyingine za magharibi mwa India. Hata merikani, nguo isiyopaushwa iliyoletwa kutoka Salem, Massachusetts, iliposhika soko la Unguja katika miaka ya 1830, kaniki haikutoweka, kwa sababu ilikuwa na matumizi yake. Shehena ya kurudi ilikuwa pembe za ndovu, sandarusi na baadaye karafuu. Pembe za Afrika Mashariki ni laini kuchonga, na Gujarat na Kachchh bangili za pembe zilikuwa sehemu ya mapambo ya bibi arusi. Kwa hiyo ndovu aliyeangushwa nyikani, ng'ambo ya Tabora, aliweza kuishia mkononi mwa msichana wa kijiji kilichoko karibu na Bhuj, naye hakujua nchi ile inaitwaje.

Lakini nguo na pembe ni sehemu inayoonekana tu. Nguvu hasa ya watu wa Kachchh ilikuwa katika mkopo. Misafara iliyokwenda bara ilichukua mwaka, pengine miwili au mitatu, kabla ya kurudi na pembe, na mwenye msafara, awe Mwarabu, Mswahili au Mnyamwezi, hakuwa na uwezo wa kugharimia bidhaa za safari nzima kwa fedha taslimu. Aliyemkopesha alikuwa Mhindi wa Unguja au Bagamoyo, na Mhindi huyo naye alikuwa ametanguliziwa mali na tajiri wa Mandvi au Mumbai. Deni liliandikwa kwenye hundi, neno tulilolichukua kutoka kwao pamoja na bima na laki, na haikuwa bahati kwamba maneno matatu tuliyoyachukua kwao yote ni ya hesabu na amana.

Kutoka katika mkopo, watu hao wakaingia katika forodha. Seyyid Said hakuajiri makarani wa kumkusanyia ushuru. Aliikodisha forodha kwa tajiri aliyemlipa kiasi kilichokubaliwa kila mwaka, na kilichozidi kikawa faida ya mkodishwaji. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 na Marekani, ushuru wa bidhaa zilizoingia uliwekwa asilimia 5. Kazi hiyo ilishikwa na nyumba ya Jairam Sewji, Bhatia ambaye ukoo wake ulitoka Mundra, kwa muda mrefu hadi mwaka 1886, isipokuwa kipindi kifupi kilichoanza mwaka 1876 ambapo Tharia Topan, Mkhoja wa Kachchh, aliipata yeye. Nyumba ya Jairam iliendesha forodha, ikawa benki ya Sultani, ikawakopesha wafanyabiashara wa Kizungu na wa Kimarekani. Ladha Damji, wakala wake Unguja, ndiye aliyetafutiwa na wasafiri waliotaka kwenda bara. Vifaa vilivyopelekwa kwa Livingstone vilipitia mikononi mwake. Kwa nusu karne na zaidi, basi, watu waliotoka kwenye nchi yenye mji unaoitwa Forodha ndio walioishika Forodha ya Unguja.

Haifai kusimulia utajiri huo bila kusimulia utumwa. Mikopo iliyogharimia pembe iligharimia pia watu waliofungwa minyororo, na Wahindi wa Unguja walimiliki watumwa kama matajiri wengine wa mji. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Rigby, aliwalazimisha wale aliowahesabu kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza wawaachie huru watumwa wao. Wabhatia wa Kachchh walijibu kwamba wao ni raia wa Rao na si wa Waingereza, wakajiandikisha kwa Sultani ili wabaki nje ya amri hiyo, mpaka mwaka 1869 Rao wa Kachchh mwenyewe alipotoa tangazo la kuwakataza watu wake biashara ya watumwa ng'ambo. Katika maandishi mengi ya kusifu wafanyabiashara wa Kachchh sura hii huwa fupi mno. Ninaiona kuwa ni kosa, kwa sababu bila hiyo hatuwezi kueleza ni kwa nini Kachchh na Gujarat kuna Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, ambao ngoma yao wanaiita goma hadi leo.

Namna mtaji ulivyohama

Tuanze na jambo lisilohusiana na meli za moshi. Tarehe 16 Juni 1819 tetemeko kubwa la ardhi liliitikisa Kachchh, likainua tuta refu la ardhi upande wa kaskazini-magharibi na kubadili njia za maji ya mto Indus. Lakhpat, bandari na ngome ya upande huo, ilipoteza mto uliokuwa ukiilisha, na polepole ikawa mji wa kuta bila watu. Tharia Topan alizaliwa huko mwaka 1823, miaka minne baada ya tetemeko, akaondoka akiwa mtoto kwenda Unguja, akaanza kazi ya chini katika nyumba ya Jairam Sewji, na mwishowe akawa Mhindi wa kwanza wa Unguja kupewa cheo cha Sir. Jengo la zahanati lenye baraza za mbao zilizochongwa, ufukweni mwa Mji Mkongwe, lilianzishwa kwa fedha zake. Ukitaka kujua utajiri wa Lakhpat ulikwenda wapi, sehemu yake iko pale.

Mandvi haikukumbwa na kifo cha ghafla cha namna hiyo, lakini fedha zake zilihama kwa njia inayofanana. Tajiri aliyefanikiwa Unguja alikuwa na sababu chache za kurudisha mtaji wake wote Kachchh. Kachchh ilikuwa na sarafu yake yenyewe, kori, isiyotumika nje. Haikuwa na soko kubwa la ndani. Na njaa zilirudi mara kwa mara, ile mbaya zaidi ikiwa ya mwaka 1899 na 1900, ambayo iliwasukuma maelfu ya watu wa Gujarat na Kachchh kutafuta maisha kwingine. Mumbai, kwa upande wake, ilikuwa na mahakama za kudai madeni, bima, na kuanzia miaka ya 1850 viwanda vya nguo ambavyo vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyokatiza merikani kati ya 1861 na 1865, vilisaidia kuvifungulia soko la Afrika. Nyumba kubwa za Kachchh zilifungua matawi huko, na baada ya muda tawi likawa shina. Mandvi ikabaki mahali pa kujenga nyumba nzuri, kuoa, kutoa sadaka hekaluni au msikitini na kuzeekea. Wabhatia wengi hawakuwa wakiwachukua wake zao kwenda Afrika kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, kwa hiyo nyumba za mji zilijaa wanawake walioishi kwa fedha za baharini, na magati yakaanza kupungukiwa na shehena.

Kwa hiyo Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, na kampuni ya British India Steam Navigation ilipoanza safari za barua hadi Unguja mwaka 1872, pembe na karafuu hazikuwa na sababu ya kupitia Mandvi. Hesabu zake zilikuwa tayari zinafungwa Mumbai. Meli ya moshi ilifuata njia ambayo daftari lilikuwa limeifungua.

Hapo ndipo maji machache yalipokamilisha kazi. Rukmavati ni mto wa majira. Kwa miezi mingi hauna nguvu ya kusukuma mchanga unaoletwa na bahari mdomoni mwake. Jahazi la tanga liliweza kuingia maji yakijaa na kukaa juu ya mchanga maji yakipwa, bila madhara. Meli ya chuma haikuweza. Ilitia nanga nje na kushusha mizigo kwenye mashua, kazi ya gharama na ya hatari pepo zikiwa kali. Reli nayo haikufika: reli nyembamba ya dola ya Kachchh, iliyoanza mwaka 1905 kati ya Tuna na Anjar na kufika Bhuj mwaka 1908, iliiacha Mandvi pembeni. Mwaka 1947 nchi ilipogawanywa na Karachi ikawa Pakistan, serikali mpya ya India ilihitaji bandari ya kushika nafasi yake upande wa magharibi, ikachagua Kandla, yenye kina na iliyounganishwa na reli. Mwaka 1955 Kandla ikatangazwa kuwa miongoni mwa bandari kuu za taifa. Mundra, nyumbani kwa ukoo wa Jairam Sewji, ilianza kazi kama bandari ya watu binafsi mwaka 1998, na katika mwaka wa fedha wa 2013–14 ilipitisha zaidi ya tani milioni 100. Katika kila uamuzi huo Mandvi, isiyo na kina, iliachwa nyuma.

Waliobaki

Mji wenyewe haukuwa maskini wa watu. Shyamji Krishna Varma, aliyezaliwa Mandvi mwaka 1857, alianzisha India House mjini London mwaka 1905 kuwa makazi ya wanafunzi na kitovu cha waliodai uhuru wa India. Alifariki Geneva mwaka 1930, majivu yake yakarudishwa nyumbani mwaka 2003, na mwaka 2010 kumbukumbu yake ikafunguliwa nje ya mji, ikiwa na nakala ya nyumba ile ya London. Kasri la Vijay Vilas, lililojengwa katika miaka ya 1920, huleta wageni ufukweni. Watia rangi wa bandhani bado wanafunga vifundo vidogo vya uzi kwenye kitambaa kabla ya kukichovya. Hata dabeli, mkate wa duara uliojazwa viazi vyenye bizari, karanga na punje za komamanga, ambao siku hizi unauzwa katika miji mingi ya India, unasemekana kuanzia hapa.

Katika miji yetu, Kikachi bado kinasikika nyuma ya kaunta za maduka ya Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, aghalabu kikiwa kimechanganywa na Kiswahili hivi kwamba msemaji mwenyewe hajui amevuka wapi. Alidina Visram, aliyezaliwa Kera katika Kachchh mwaka 1851 na kufika pwani yetu akiwa kijana mdogo, alitandaza maduka hadi Uganda kabla ya kufariki mwaka 1916; jina lake liko kwenye shule ya Mombasa. Wakati huohuo, Wasidi wa Gujarat wanapiga malunga, zeze lao la uta, na kumwimbia Bava Gor, walii wao mwenye asili ya Afrika. Huwa tunasimulia habari za Wahindi waliokuja kwetu, na tunasahau kwamba chombo kilichowaleta hakikurudi kitupu.

Juu ya mchanga wa Rukmavati

Sasa turudi kwenye majahazi, maana hapa ndipo kisa kina uzito wake wote.

Chombo kinachoundwa Mandvi siku hizi hakifanani sana na kotia, majahazi ya tanga ya karne ya 19. Kina injini, hakitegemei tanga, na kinaweza kubeba kutoka tani mia chache hadi zaidi ya tani 1,000. Lakini namna ya kukiunda ingetambuliwa na fundi yeyote wa Matondoni au Nungwi. Hakuna mchoro wa karatasi. Fundi mkuu, anayeitwa mistri, anashika vipimo kichwani na kuvipitisha kwa jicho na kwa mkono. Mkuku na mbao za ubavuni hutengenezwa kwa miti migumu ya sal, ambayo siku hizi huagizwa Malaysia, wakati zamani msaji ulitoka Malabar. Mataruma hutengenezwa kwa mgunga wa babul, unaochaguliwa tangu ukiwa na matawi yaliyopinda, ili mpindo wa mti uwe ndio mpindo wa ubavu. Nafasi kati ya ubao na ubao hukalafatiwa kwa pamba iliyotiwa mafuta. Kazi huchukua miaka miwili au zaidi.

Yote haya hufanyika juu ya mchanga mtupu, bila chelezo ya zege na bila winchi kubwa. Katika Ghuba ya Kachchh maji hujaa na kupwa kwa kimo kikubwa kuliko karibu pwani yote ya India. Chombo kinaegemezwa kwenye magogo ukingoni mwa mto ulio mkavu kwa saa nyingi za siku, na kinapokamilika hungojwa bamvua iingie hadi pale ambapo maji ya kawaida hayafiki. Sifa ileile iliyoizuia Mandvi kuwa bandari ya meli kubwa, yaani mto wenye maji machache unaojaa mchanga, ndiyo inayompa muunda jahazi uwanja wa bure. Kandla na Mundra, zenye kina na kuta za zege, haziwezi kumpa nafasi hiyo. Kila mita ya ukingo wao ina thamani kubwa mno kuachiwa mbao zinazokaa miaka miwili. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha jambo. Bandari na uunzi vilikuwa vikikaa pamoja kwa mazoea, lakini mahitaji yao hayakuwa sawa, na mazoea yalipovunjika kila kimoja kikafuata haja yake.

Sababu ya pili iko upande wetu wa bahari. Chombo hakiundwi kwa sababu uwanja upo. Lazima awepo wa kukinunua. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, meli kubwa zilizikwepa bandari zake kwa sababu ya hatari, gharama za bima na ukosefu wa vifaa vya kupakulia. Jahazi la mbao halikuhitaji vifaa hivyo. Lilipakia Dubai au Sharjah mchele, sukari, matairi na magari yaliyotumika, likaingia Bosaso, Berbera au bandari ndogo zaidi, likapakuliwa kwa mikono, na likarudi na mbuzi na kondoo. Kwa mara nyingine maji machache yakawa rafiki wa Mandvi: bandari ambazo meli za makontena hazikuweza au hazikutaka kuziingia zilihitaji hasa chombo kilichozaliwa kwenye mto usio na kina. Familia za wenye vyombo za Kachchh ziliishi kwa njia hiyo, na mafundi wakaishi kwa oda zao.

Njia hiyo ilibanwa kwa nguvu mwaka 2010. Baada ya majahazi kadhaa ya Kihindi kutekwa na maharamia, idara ya India inayosimamia meli ilivikataza vyombo vya aina hii kupita kusini au magharibi ya mstari unaounganisha Salalah, Omani, na Malé, Maldivi. Nia ilikuwa kulinda maisha ya mabaharia, na haiwezi kulaumiwa kwa hilo, lakini mstari huo uliitenga Somalia na pwani yetu yote, yaani nusu ya bahari ambayo vyombo vya Kachchh vilikuwa vimeitumia tangu zamani. Kwamba hatari haikuwa ya kubuni, kulionekana Aprili 2017, jahazi la Kihindi liitwalo Al Kausar lilipotekwa katika pwani ya Somalia na mabaharia wake kushikwa kabla ya kuokolewa mwezi huohuo. Mwenye chombo anayepima leo kama aagize jahazi jipya anapima bei ya mbao za Malaysia, mshahara wa mafundi ambao vijana wao wanapendelea kazi za Ghuba, na hatari za njia ile.

Tetemeko la tarehe 26 Januari 2001, lililoangamiza sehemu kubwa ya Bhuj na kuua watu karibu 20,000 katika Kachchh na Gujarat, lilibomoa pia nyumba za zamani za wafanyabiashara wa Mandvi. Baada yake serikali ilivutia viwanda kwa misamaha ya kodi, na Kachchh ya leo ina saruji, chuma na umeme mwingi kuliko wakati wowote. Uunzi wa majahazi haukupata nafasi katika mipango hiyo, kwa kuwa hauna kiwanda cha kuonyesha wala karatasi za kuwasilisha. Vipimo vyake vimo vichwani mwa wazee wachache na vinapungua kila mmoja wao anapozikwa au kuchomwa.

Jahazi linalokamilika hushuliwa bila injini. Bamvua ikifika, maji hupanda polepole chini ya mkuku, magogo huondolewa moja baada ya jingine, kamba hukazwa na watu wa mji husimama ukingoni kutazama. Likielea, aghalabu huvutwa hadi Dubai ili litiwe mashine huko. Katika kutoka, hupita juu ya fungu lilelile la mchanga lililozizuia meli za moshi kuingia.